Damu Shingoni mwa Gisiri

Mfangano,
12 Januari 1965

Kaka yangu Mwikwabe,

Naanza na Mama: goti lake limepoa? Mwambie dawa ya kuchua nitaituma na mtu wa kwanza nitakayemwamini. Wewe na wifi Rael nawasalimu sana. Huku kwetu Phelesia ameota meno mawili na anamuuma kila anayembeba, isipokuwa baba yake. Mihogo imekubali, mahindi yamegoma.

Sasa habari za mdogo wetu, maana najua ndizo unazozingoja. Tangu Gisiri atoke kule mgodini Macalder, kile kikohozi cha vumbi kimekwisha. Amenenepa. Na kazi amepata, ingawa ukiisikia utacheka: anafukuza samaki chini ya maji.

Unakumbuka nilikwambia mume wangu Cephas alifanya kazi ya upishi Shimoni, kule pwani. Wavuvi wa kule walimfundisha kuzama mpaka kwenye miamba na kuchoma samaki aina ya changu kwa mkuki, bila chombo chochote cha kupumulia, pumzi yake tu. Alirudi na miwani ya kioo inayofunika macho na pua. Mkuki ameutengeneza mwenyewe: chuma chembamba kilichochongoka, na mpira wa tyubu ya baiskeli nyuma yake wa kuusukuma. Huku hakuna changu, lakini kuna mbiru, samaki mtamu ambaye kila mtu anamtaka, na mbiru hupenda kukaa katikati ya mawe ambako nyavu zinachanika. Wavuvi wengine wanamwacha samaki huyo kwa sababu hiyo. Cephas anamfuata nyumbani kwake.

Gisiri alianza kwa kushika mtumbwi tu. Siku moja akaomba miwani. Aliporudi juu alikuwa anacheka hata hawezi kusema. Baadaye akaniambia, "Dada, kule chini hakuna anayekuita. Unasikia moyo wako tu." Sasa wanazama kwa zamu, mmoja chini, mwingine juu akiangalia. Cephas ana sheria zake, na ya kwanza ni kwamba hakuna kuzama peke yako.

Majirani wanasemasema. Samaki mwenye tundu moja ubavuni, asiye na alama ya wavu, wanamwona si wa kawaida. Lakini wananunua.

Gisiri anasema umsalimie Bhoke, na usimsalimie kwa sauti kubwa mbele ya baba yake.

Dada yako,
Nyangi


Ogwedhi,
7 Februari 1965

Dada Nyangi,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Makori, yule anayenunua samaki wakavu Homa Bay na kuwaleta huku sokoni. Goti la Mama ni lile lile, ila sasa analilaumu daraja la mtoni alipoteleza badala ya uzee. Rael ni mzima. Ng'ombe wamepata majani, ingawa wezi wa mifugo wametusumbua na tunalinda zizi kwa zamu.

Nimesoma habari za kuzama na sikucheka. Sisi ni watu wa ng'ombe. Baba hakuwahi kuingia maji yanayopita kiuno, na wewe unajua. Sina neno baya juu ya shemeji Cephas, lakini mwambie kwamba huyo ni mdogo wetu wa mwisho na hatuna mwingine.

Nimeongea na baba yake Bhoke. Amekubali. Ng'ombe wa mahari nimewatenga, nawachunga mimi mwenyewe, na arusi itakuwa mwezi wa nane baada ya mavuno. Gisiri aje mwezi wa tano ili wazee wamwone na yeye aseme kwa mdomo wake. Bhoke ameshona mto wa kulalia wa arusi. Hivyo ndivyo Rael anavyoniambia, mimi sijauona.

Nijibu upesi.

Kaka yako,
Mwikwabe


Mfangano,
26 Aprili 1965

Kaka Mwikwabe,

Pole kwa kuchelewa. Motaboti iliharibika, kisha mvua. Mvua ya mwaka huu imetushangaza, imebomoa choo cha jirani na kujaza jiko langu maji. Phelesia anatambaa. Cephas ni mzima. Mihogo tumeivuna mapema ili isioze.

Nimefurahi kusikia habari za Bhoke na familia yake. Lakini mwezi wa tano Gisiri hatakuja. Kazi ni nyingi. Hata huo mwezi wa nane, ongea na wazee uone kama unaweza kusogezwa. Hakuna ubaya wowote. Ni kazi tu.

Mama mwambie dawa nimeshindwa kuipata.

Nyangi


Ogwedhi,
15 Mei 1965

Dada,

Sote huku tu wazima, Mama pia. Nakuandikia upesi upesi.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Ina mvua, ina choo cha jirani, ina mihogo. Gisiri ana mistari michache tu, na hakuna hata neno moja alilolisema yeye. Wewe tangu utotoni ukisimulia habari za Gisiri unaleta maneno yake mpaka na kicheko chake. Safari hii hukuleta.

Tena sikia hili. Makori alikuwa Homa Bay wiki iliyopita. Mwanamke mmoja wa Mfangano aliyekuwa akimuuzia samaki alimwambia kwamba mwezi wa tatu, mtumbwi wa Cephas ulirudi kutoka kwenye miamba na kijana Mkuria amelazwa ndani, shati lake lina damu kuanzia shingoni. Cephas alimbeba mgongoni mpaka nyumbani na akafunga mlango. Tangu siku hiyo huyo kijana haonekani ufukweni wala kanisani.

Nilimuuliza Makori, "Una hakika alisema Mkuria?"

Akaniambia, "Wakuria wangapi wako Mfangano?"

Sasa nakuuliza wewe, na unijibu bila mvua. Watu wawili wanaingia majini, mmoja ameshika mkuki, na mwingine anarudi na damu shingoni. Nini kilitokea? Gisiri yuko hai?

Mwikwabe


Mfangano,
3 Juni 1965

Kaka Mwikwabe,

Mama nampa pole kwa wasiwasi.

Gisiri yuko hai. Ndani ya bahasha kuna karatasi yake.

Makori ananunua samaki na maneno, na yote anauza. Nami nimesikia ya huko. Nimeambiwa umeonekana nyumbani kwa mzee Nyarangi zaidi ya mara moja, na yule mzee ana binti ambaye hajaolewa. Nimeambiwa Rael hana furaha. Wewe ndiye unayechunga ng'ombe wa Gisiri, na wewe ndiye unayetaka sana kujua kama yuko hai. Sisemi kitu. Nasema nimesikia, kama wewe ulivyosikia.

Usiniulize tena habari za damu.

Nyangi

[Karatasi ya ndani]

Kaka mimi ni mzima. Usije. Niache kwanza. Bhoke usimwambie lolote.
Gisiri


Ogwedhi,
22 Juni 1965

Nyangi,

Karatasi nimeiona. Herufi zinayumba kama za mtu aliyeandika juu ya mtumbwi. Gisiri alisifiwa shuleni kwa mwandiko. Na mtu yeyote anaweza kuandika "mimi ni mzima" ikiwa aliyemsimamia mgongoni ana mkuki. "Usije." Kwa nini nisije kwa mdogo wangu?

Habari za Nyarangi sitajibu.

Nimejaribu kukuamini, dada, na nimeshindwa. Nadhani amekufa. Nadhani mumeo alimchoma, kwa bahati mbaya au kwa kusudi sijui, nawe umeamua kumlinda baba wa mtoto wako. Mama ameacha kula chakula cha jioni. Anakaa mlangoni ananiuliza Gisiri anakuja lini, na mimi namwambia mvua.

Nimekwenda kwa chifu, na chifu amenipa barua kwa polisi Homa Bay. Ukisoma haya nadhani watakuwa wamekwisha kufika kwako. Nisamehe ikiwa nimekosea. Ikiwa sikukosea, basi sina dada.

Mwikwabe


Ogwedhi,
18 Julai 1965

Dada Nyangi,

Sijui kama utaifungua. Mama anakusalimu, na safari hii salamu ni zake kweli, alinishika mkono akasema niandike.

Pale kituoni Homa Bay hatukuongea, nawe ulikuwa na haki ya kunipita kama mti. Lakini wewe ulikuwa ndani ukiongea na askari ili Cephas atolewe, kwa hiyo yaliyotokea uani hukuyaona. Acha nikueleze.

Askari aliniambia, "Ndugu yako unayesema ameuawa ameletwa. Yuko pale nje." Nikatoka mbio. Gisiri alikuwa amesimama karibu na ukuta, amenipa mgongo, mkono mmoja ameuegemeza ukutani. Mgongo wake naujua. Nikaita, "Gisiri!" Hakugeuka. Nikaita tena, kwa jina ambalo Mama humwita, jina ambalo hakuna mtu wa Mfangano analijua. Hakugeuka. Dada, hasira zilinipanda. Nilisema moyoni, yuko hai na ananidharau, mbele ya watu, baada ya yote niliyolia.

Nikamfikia nikamshika bega kwa nguvu. Aliruka kama aliyeshikwa na mwizi. Kisha akaniona. Hakuniangalia machoni, aliangalia mdomo wangu. Nikasema maneno mengi, sijui nini. Yeye akapaza sauti, uani kote wakageuka:

"Polepole! Sisikii, kaka! Sisikii kitu!"

Alidhani ananong'ona. Nilijua hivyo kwa uso wake, maana alikuwa ananiambia siri.

Nikamkumbatia, akayumba, tukakaribia kuanguka wote wawili. Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa anaegemea ukuta. Kisha Cephas akatolewa. Alikuwa amekaa seli siku zote hizo kwa neno langu. Nilimpa mkono. Aliuangalia, akaenda kumchukua mtoto kutoka kwako.

Sina cha kudai. Naomba tu unieleze kilichotokea, kwa sababu Mama anauliza nami najua nusu.

Mwikwabe


Mfangano,
19 Agosti 1965

Kaka Mwikwabe,

Msalimie Mama. Phelesia ametembea, alianza siku baba yake aliporudi.

Niliapa kutokusema. Gisiri ndiye aliyeniapisha, na sasa ndiye ananiambia, "Mwandikie yote." Nayaandika kwa ajili yake.

Mwezi wa tatu alikuwa na mafua. Kwenye kuzama, ukishuka masikio yanabanwa, na inabidi ubane pua na kupuliza kwa ndani mpaka yafunguke, kisha unashuka tena. Mwenye mafua hayafunguki. Cephas alimwambia asubuhi ile hapa jikoni, mimi nikiwepo: "Leo wewe ni wa mtumbwi." Gisiri akaitikia.

Kwenye miamba Cephas alizama akapanda mara kadhaa. Alipokuwa amejishika ukingoni akipumzika, Gisiri alichukua miwani na mkuki, akaingia. Cephas alidhani anaogelea juu juu tu. Gisiri anasema alimwona mbiru mkubwa amesimama mbele ya pango la mawe, hatikisiki. Akamchoma. Mkuki ukapenya lakini samaki hakufa, akaingia pangoni nao. Ule ndio mkuki pekee tulio nao, Cephas aliuchonga kwa mkono. Gisiri akaona aibu kurudi bila mkuki, akashuka kuufuata. Masikio yalikuwa yanauma. Akazidi kushuka. Anasema alisikia kitu kikipasuka ndani ya kichwa, upande huu kisha upande ule, kisha maji ya baridi yakaingia, na dunia ikaanza kuzunguka. Hakujua juu ni wapi. Alianza kuogelea akagonga mawe, akajua anakwenda chini.

Cephas alizama bila miwani. Alimtafuta kwa kupapasa, akampata mguu. Alipompandisha, damu ilikuwa inatoka masikioni na puani. Hiyo ndiyo damu yenu ya shingoni.

Alimfungia ndani kwa sababu Gisiri hakuweza kusimama, alitapika kila alipoinua kichwa. Kisha homa, na masikio yakatoa usaha. Tulimpeleka zahanati, tukapewa dawa, homa ikaisha. Kusikia hakukurudi. Siku ya kwanza alipokaa wima aliniona nikimwimbia mtoto. Akaniuliza, "Mbona unafungua mdomo tu?" Nilitoka nje.

Aliniapisha kwa sababu ya Bhoke. Alisema, "Wakijua watampa mtu mwingine. Nipe muda, labda yatafunguka." Nami nilinyamaza kwa sababu yake, na kwa sababu yako pia. Nilifikiri: kaka akijua Gisiri ni kiziwi, atasema ng'ombe wasipotee bure, na wataelekea kwa Nyarangi, wawe mahari ya binti yake kwako. Hukunijibu habari za Nyarangi. Bado hujanijibu.

Wewe ulisema namlinda Cephas. Cephas ndiye aliyeingia majini bila kuona. Wakamchukua mbele ya watu wakati anaparua magamba ya samaki, hawakumwacha anawe mikono. Sasa kanisani akikaa, watu wengine wanasogea na benchi linabaki tupu mpaka mwisho. Wamesikia alifungwa kwa kuua mtu, na mtu huyo ameketi kando yake, lakini hawataki kuelewa. Tundu la samaki limekuwa tundu la mtu.

Yeye hasemi kitu juu yako. Ningependa aseme.

Nyangi


Ogwedhi,
12 Septemba 1965

Dada yangu,

Mama alisomewa barua yako na Rael. Mimi nilishindwa kufika mwisho. Aliposikia Cephas alivyopapasa akampata mguu, alisema, "Huyo ni mwanangu," akaingia ndani. Nakufikishia maneno yake kama yalivyo.

Habari za Nyarangi utazijua kwa matendo, nami nakuomba uridhike hapo. Ng'ombe wa Gisiri hawako tena kwangu. Nimewapeleka kwa baba yake Bhoke, mchana, nikipita nao sokoni watu wakiona. Wote.

Kabla ya kuwapeleka nilikwenda kumwambia mzee huyo ukweli. Akasema binti yake si wa kumpa kiziwi asiyeweza kusikia zizi likivunjwa. Sikumlaumu, miaka hii zizi linalindwa kwa masikio. Nikaaga. Nilipofika njiani nikasikia mtu ananifuata mbio, nikageuka. Bhoke. Hakunisalimu hata.

"Anaweza kuongea?" akauliza.

"Anaongea. Kwa sauti kubwa."

"Anatembea?"

"Anatembea akishika kitu. Mahali penye giza anayumba."

Akashusha pumzi. Nilidhani atalia. Akasema, "Miezi yote hii nilijua amekufa na nyinyi wote mnanificha. Nililala nalo. Kumbe ni masikio tu." Kisha akaninyooshea kidole, mimi mkubwa kwake: "Walete ng'ombe nyumbani kwetu kesho. Baba akikataa, atanikataa na mimi."

Mzee hakukataa. Amesema tu nyumba yao ijengwe karibu na yangu, ili mimi niwe masikio ya zizi la Gisiri. Nimekubali. Arusi ni mwezi wa kumi, wiki ya mwisho.

Nimeandika barua tatu kwa shemeji Cephas na zote nimezichana. Kila nikianza naona ninajitetea. Nataka kuja Mfangano nimwone mbele ya watu wa kanisa lake, niseme kwamba mimi ndiye niliyesema uongo bila kujua. Niambie nije lini.

Mwikwabe


Mfangano,
3 Oktoba 1965

Kaka Mwikwabe,

Salamu kwa wote. Mwambie Mama asante, nimemfikishia Cephas neno lake. Aliacha kula kidogo, kisha akaendelea.

Gisiri nilimwandikia maneno ya Bhoke kwa kidole kwenye vumbi, neno moja moja, pale mlangoni. Nilipofika "kumbe ni masikio tu" alicheka, sauti ikafika kwa jirani. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu mwezi wa tatu.

Usije Mfangano. Nimemuuliza Cephas, akasema kisiwa si chake kukukataza, lakini nyumba ni yake. Kuhusu kanisa alisema, "Waliosogea watarudi wakichoka. Sitaki mtu aje kuwaomba." Sitamlazimisha, nawe usimlazimishe. Simlaumu. Nami ukinishika mkono leo sijui kama nitauacha mkononi mwako. Niliandika maneno mabaya juu yako na Rael, na wewe uliandika huna dada. Yote bado yako ndani ya sanduku langu, na siyachomi.

Arusini tutakuja. Tutavuka na motaboti ya asubuhi, mimi, mtoto na Gisiri, na Cephas ndiye atakayemshika Gisiri mkono njia nzima, maana mawimbi yanamzungusha kichwa na hamwamini mtu mwingine. Atamleta mpaka kwa Bhoke. Nyumbani mwako hataingia, na chakula chako hatakula. Amesema atasimama uani mpaka mambo yaishe. Usimpelekee kiti, usimtume mtu kumbembeleza, na wewe mwenyewe usimfuate.

Mimi nitasimama naye.

Nyangi